Mstari wa Mwisho Ulihamishwa, Vizuizi Vikabaki Mlimani

Naam wadau, leo tuache kidogo mambo ya Linux na hifadhidata, tuongee baiskeli. Najua kuna watakaouliza: wewe ni mtu wa programu, tena uko Kitui ambako baiskeli inajulikana zaidi kwa kubeba mitungi ya maji, mashindano ya Ufaransa yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu mbili. Kwanza, mhusika mkuu wa kisa hiki alizaliwa Nairobi na kazi yake alianza kujifunzia Kikuyu. Pili, kisa chenyewe ni cha kanuni. Mimi kila siku naandika kanuni za kompyuta, kisha nangoja siku ambayo mtumiaji ataniletea jambo ambalo kanuni zangu hazikulitarajia. Waamuzi wa mbio za baiskeli wanaishi maisha hayo hayo, tofauti ni kwamba wao hukosolewa na mamilioni ya watu kwenye runinga.

Mhusika ni Chris Froome. Alizaliwa mwaka 1985, akafundishwa kuendesha baiskeli ya mashindano na David Kinjah, yule jamaa wa rasta wa kijiji cha Mai-a-Ihii. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, na mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Baadaye akashinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Hapa nataka tuongelee siku moja tu ya mwaka 2016, tarehe 14 Julai, kwenye mlima unaoitwa Mont Ventoux.

Kwa wasioujua, Ventoux ni mlima ulio peke yake kusini mwa Ufaransa, kimo chake meta 1,900 na ushee, na juu hauna miti. Ni mawe meupe na upepo. Mji wetu wa Kitui uko kwenye meta 1,100 na kitu, kwa hiyo chukua Kitui, ongeza karibu meta 800 kwenda juu, ng'oa miti yote, halafu washa feni kubwa sana. Upepo wa siku hiyo ulitarajiwa kupita kilomita 100 kwa saa pale kileleni. Mtu aliye juu ya baiskeli ya kilo 7 angepeperushwa kama karatasi.

Basi jioni ya tarehe 13 waandaaji wakaamua mbio zisifike kileleni. Mstari wa mwisho ukateremshwa kilomita 6 hadi mahali panapoitwa Chalet Reynard. Uamuzi mzuri, wala sina neno nao. Lakini sikiliza kilichofuata. Tarehe 14 Julai ni sikukuu ya taifa Ufaransa, watu hawaendi kazini. Maelfu walikuwa tayari wamepanda mlimani, wengine siku nyingi kabla, na magari na mahema yao. Wale waliokuwa wametawanyika kwenye zile kilomita 6 za juu wakateremka kufuata mstari mpya. Vile vizuizi vya chuma vilivyopangwa kwa mwisho wa zamani havikuweza kuteremshwa vyote kwa wakati. Kwa hiyo ukapata watu wengi zaidi kwenye barabara fupi zaidi, yenye vizuizi vichache zaidi.

Ndugu zangu wa programu mmeshaona hiyo mdudu iko wapi. Umebadilisha thamani ya kitu kimoja, lakini vitu vyote vilivyokitegemea bado vinasoma thamani ya zamani. Mstari wa mwisho umehama, vizuizi havikuhama, na umati umehama kwa kasi kuliko vyote viwili.

Haya, sasa ajali yenyewe. Washindi wa hatua ile walikuwa mbele mno (Thomas De Gendt wa Ubelgiji ndiye aliyeshinda), hao tuwaache. Nyuma yao kulikuwa na vita vya jezi ya njano. Froome aliyekuwa ameivaa alitoroka pamoja na Richie Porte wa Australia na Bauke Mollema wa Uholanzi. Nairo Quintana, mpinzani mkubwa, alikuwa ameachwa. Ikiwa imebaki kama kilomita 1 tu, umati ukaziba barabara, pikipiki ya kamera iliyokuwa mbele yao ikalazimika kusimama ghafla, Porte akaivamia kwa nyuma, na wenzake wawili wakamwangukia. Mollema aliinuka haraka akaenda zake. Baiskeli ya Froome ilikuwa imevunjika, na gari la timu yake lilikuwa limekwama nyuma ya umati ule ule.

Ndipo dunia ikaona kioja ambacho haijasahau. Mwenye jezi ya njano akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima, na viatu vile vya baiskeli vyenye vipande vigumu chini, bila baiskeli yoyote. Akapewa baiskeli ya msaada ya gari la Mavic, lakini pedali zake hazikulingana na viatu vyake. Mwishowe gari la timu likafika, akabadilisha tena, akamaliza. Orodha ya kwanza iliyotokea kwenye runinga ilionyesha jezi ya njano imekwenda kwa kijana Mwingereza, Adam Yates, na Froome ameshuka hadi nafasi ya 6, sekunde 53 nyuma.

Hapo tusimame kidogo tuangalie muda unavyopimwa, maana wengi wanaobishania hukumu ile hawajui hili.

Kifaa kidogo cha redio kinachotambua mpita njia kwenye mstari hufungwa kwenye baiskeli, karibu na gurudumu la mbele. Hakifungwi kwa mtu. Ukiazima baiskeli njiani, kifaa chako hakikufuati. Kwa hiyo neno la mwisho ni la kamera ya mstari wa mwisho, ambayo hupiga maelfu ya picha nyembamba kwa sekunde, na la binadamu anayezisoma. Halafu, watu waliofika pamoja hupewa muda mmoja. Ukiwa mtu wa 2 au wa 60 kwenye kundi lisilokatika, muda wenu ni sawa, ili wasisukumane bure kutafuta nusu sekunde. Kwenye hatua za kawaida pengo la sekunde 1 linatosha kuanzisha kundi jipya, na kwenye zile za tambarare zinazoishia kwa mbio za kasi huwa linahesabiwa kwa sekunde 3.

Kisha kuna kanuni maarufu ya kilomita 3. Zamani ilikuwa kilomita 1, ikaongezwa mwaka 2005. Ningeiandika hivi:

kama (umbali uliobaki si zaidi ya km 3) na (hatua haiishii mlimani) na (mwamuzi amethibitisha ajali):
muda = muda wa kundi alilokuwa nalo
la sivyo:
muda = muda wake halisi

Kanuni safi, fupi, haina maneno mengi. Sasa weka data ya Ventoux ndani yake. Umbali uliobaki: kilomita 1, sawa. Ajali imethibitishwa: ndiyo, dunia nzima imeona. Hatua haiishii mlimani: hapana, inaishia mlimani. Programu inarudisha jibu: muda wake halisi. Froome amepoteza jezi, kwaheri, twende kesho.

Hilo sharti la mlima si la kipuuzi. Kwenye tambarare kundi huenda pamoja, na mtu aliyeanguka kwa pancha au kwa kuguswa na mwenzake karibu hakika angefika na kundi. Mlimani kila mtu anaachwa kwa nguvu za miguu yake, huwezi kujua angefika na nani. Aliyeandika sharti lile alikuwa anafikiria mtu aliyechoka anayejiangusha makusudi ili apewe muda. Hakufikiria kabisa kwamba barabara inaweza kufungwa na watazamaji.

Lakini kitabu cha UCI, shirikisho la baiskeli duniani, kina mlango wa dharura. Kuna kifungu kinachosema kwamba tukio likitishia kuharibu mwendo wa haki wa mbio, mkuu wa mbio akikubaliana na jopo la waamuzi anaweza kubadilisha njia, kusimamisha mbio kwa muda, kufuta sehemu ya hatua au hatua nzima, au kuacha matokeo yalivyo. Kwa lugha yetu hicho ndicho kile kipande cha programu kinachodaka makosa yasiyotarajiwa. Sote tunakiandika, na sote tunaomba kisifanye kazi siku mteja mkubwa anapotazama.

Waamuzi wakakaa, wakatoka na jibu: Froome na Porte wapewe muda ule ule wa Mollema. Mollema alikuwa ametangulia kundi la Quintana na Yates kwa sekunde 19. Kabla ya siku ile Froome alikuwa anamwongoza Yates kwa sekunde 28. Jumlisha: 47. Jezi ikarudi kwa Froome na uongozi wa sekunde 47, huku Mollema akiwa nyuma yake kwa 56.

Mimi naona hukumu ile ilikuwa na akili kubwa, na nitasema kwa nini. Wangeweza kukisia. Wangeweza kusema, pale walipoanguka walikuwa wamemwacha Quintana kwa sekunde kadhaa, basi tupige hesabu wangefika lini. Hawakufanya hivyo. Walichukua namba iliyopimwa, ya mtu halisi aliyekuwa mahali pale pale, akaanguka ajali ile ile, akavuka mstari kwa baiskeli yake. Muda wa Mollema una hasara ya kuanguka ndani yake. Kwa hiyo hawakufuta ajali, walifuta tu tofauti kati ya aliyeinuka na baiskeli nzima na aliyeinuka na vipande. Data iliyopimwa ikiwepo, usitumie ya kubuni.

Lakini Mollema mwenyewe aliuliza swali mtandaoni ambalo mpaka leo sijaona likijibiwa vizuri. Je, kama katika wale watatu ni yeye peke yake ambaye hangeweza kuendelea, hukumu ingekuwa hiyo hiyo?

Fikiria hilo swali vizuri. Yeye hakuwa na jezi ya njano. Kama Froome angeinuka na kwenda, na Mollema akabaki akikimbia na viatu vya baiskeli, kungekuwa na kikao cha waamuzi? Kungekuwa na orodha mbili? Au tungeambiwa pole, ndiyo baiskeli hiyo? Kifungu cha dharura hakisemi lazima kitumike lini. Kinasema kinaweza. Na "inaweza" huwa inamsikia zaidi yule anayeonekana na kamera.

Angalia mfano wa miaka 2 baadaye. Tarehe 19 Julai 2018, kwenye mlima wa Alpe d'Huez, Vincenzo Nibali wa Italia alikuwa na wakubwa wenzake katikati ya umati uliojaa moshi wa fataki. Mkanda wa kamera ya mtazamaji ukanasa baiskeli yake, akaanguka mgongo. Aliinuka, akawafukuza peke yake, akamaliza sekunde 13 nyuma ya mshindi Geraint Thomas. Hospitali ikakuta uti wa mgongo umevunjika pingili, akaenda nyumbani. Zile sekunde 13 zilibaki kwenye jina lake. Alikosewa na umati, mlimani, mbele ya runinga, kama Froome. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuendelea na baiskeli yake. Inaonekana kana kwamba aliadhibiwa kwa ushupavu wake.

Na Froome mwenyewe anaijua pande zote mbili. Mwaka 2006, akiwa bado Mkenya kwenye karatasi, alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 23 huko Salzburg, Austria. Alivyojiandikisha ni kisa cha kompyuta hasa (amesimulia mwenyewe kwenye kitabu chake cha maisha). Alikuwa na njia ya kuingia kwenye barua pepe ya mkuu wa chama cha baiskeli cha Kenya, akaandika kwa jina la mkuu huyo na kujiandikisha. Wenye mifumo mnaosoma hapa, badilisheni nywila za ofisi baada ya kila safari! Akafika Salzburg peke yake, bila timu, bila msaidizi. Muda mfupi tu baada ya kuanza akamgonga afisa wa mbio aliyekuwa barabarani, wote wakaenda chini. Akainuka, akamaliza wa 36. Hakuna aliyekaa kikao juu ya sekunde zake, na huenda haikustahili. Ila linganisha kelele za siku ile na za 2016.

Tena mwaka 2010, kwenye mbio za Italia, alishika pikipiki ya polisi kwenye mlima wa Mortirolo akiwa anaumwa goti. Akaondolewa mashindanoni. Hapo hakuna aliyebishana, kwa sababu kanuni inasema usishike pikipiki, nukta.

Mtu wa nyumbani zaidi kidogo ni Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, mwaka 2024. Mwaka huo huo, akiongoza mbio za jezi ya kijani ambayo hutolewa kwa pointi, alianguka kwenye mzunguko wa barabara karibu na mwisho huko Nîmes. Alikuwa ndani ya eneo la kilomita 3. Lakini kanuni ile inalinda muda tu, pointi hailindi, na jezi yake ilikuwa ya pointi. Akatoka patupu siku hiyo. Tunashukuru alifika nayo hadi Nice akaishinda, Asmara wakacheza usiku kucha nadhani.

Sasa turudi kwa umati, maana hukumu zote hizi ni dawa baada ya ugonjwa. Nani hasa wa kudhibitiwa? Tusidhani ni walevi tu wa mlimani. Mwaka 1994 huko Armentières, polisi aliyewekwa kulinda barabara alijitokeza mbele ya wanaokimbia kwa kasi ya mwisho, eti anapiga picha. Wilfried Nelissen akamvaa, na Laurent Jalabert akaumia vibaya usoni. Mwaka 2021, siku ya kwanza ya Tour, mtazamaji aliyetaka babu na bibi wamwone kwenye runinga aligeuzia kamera bango lake na mgongo wake kwa waendeshaji. Tony Martin akaligonga, nusu ya kundi ikalala barabarani. Ilikuwa bado kilomita nyingi, kwa hiyo hakuna kanuni ya kumrudishia mtu sekunde. Mahakama ya Brest ilimtoza mtazamaji huyo faini ya euro 1,200.

Na pikipiki zenyewe. Machi 2016, miezi minne kabla ya Ventoux, Antoine Demoitié wa Ubelgiji alianguka kwenye mbio za Gent-Wevelgem akagongwa na pikipiki ya mbio, akafariki. Sisi Wakenya nasi tunakumbuka Agosti 2022, Suleiman Kangangi alipoanguka na kufariki kwenye mbio za barabara za vumbi huko Vermont, Marekani. Hakuna umati wa kulaumiwa hapo, ila ajali hizi si hadithi za wazungu peke yao.

Vizuizi navyo si jawabu rahisi kama vinavyoonekana. Kwanza ni vizito, na mlima wa kilomita 20 huwezi kuuzungushia chuma pande zote mbili. Hapa kwetu wengi tumezoea kamba na askari wawili wenye rungu, na wale walioenda Naivasha tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 wanajua kamba inaheshimiwa kwa dakika ngapi. Pili, kizuizi kibaya chaweza kuua. Agosti 2020 huko Katowice, Poland, Dylan Groenewegen alimbana Fabio Jakobsen kwenye mbio za kasi, na vizuizi vikaruka kama vijiti. Groenewegen alifungiwa miezi 9, Jakobsen aliyekuwa mahututi akapewa ushindi wa hatua. Baada ya hapo ndipo watu wakaanza kuongea kwa makini kuhusu vizuizi vilivyounganika na vilivyoinama, visivyo na miguu inayotokeza barabarani.

Kwenye kanuni kumekuwa na viraka vipya. Mwaka 2024 UCI ilianza majaribio ya kuruhusu eneo la kilomita 3 liongezwe hadi 5 kwenye hatua zinazostahili. Mwaka huo huo zikaanza kujaribiwa kadi za njano, ambazo zimekuwa rasmi tangu Januari 2025. Kinachonifurahisha ni kwamba kadi haziwahusu waendeshaji peke yao. Dereva wa gari la timu au wa pikipiki naye anaweza kupewa. Kwa mara ya kwanza anayeendesha pikipiki mbele ya umati ana jina ndani ya mfumo.

Swali la Mollema bado liko wazi. Ningekuwa mimi ndiye naandika toleo lijalo, ningelifunga kwa sharti moja: barabara ikizibwa na mtu asiye mshindani, na mwamuzi akathibitisha, kila aliyenaswa apewe muda wa wa kwanza aliyetoka kwenye ajali ile, mlimani au tambarare, na awe ana jezi ya njano au ni wa 150. Nibali nadhani angesaini. Tatizo ni hao waliokuwa nyuma kidogo, kama kundi la Quintana, ambao nao walipunguzwa mwendo na vurugu lakini hawakuanguka. Hao sina kanuni yao. Kama unayo, nitaisoma kwa furaha.

Ventoux yenyewe ilirudi kwenye Tour tarehe 22 Julai 2025, safari hii mwisho ukiwa kileleni kama ilivyokusudiwa 2016. Valentin Paret-Peintre, Mfaransa, alimshinda Ben Healy kwa gurudumu tu, wote wawili wakiwa juu ya baiskeli zao.